Epsom, uwanja uliolala upande

Aliyezoea maduka ya kubeti ya Kampala, ambako farasi wa kompyuta huzunguka uwanja tambarare kama meza, ataishangaa Epsom. Uwanja huo ulio kusini mwa London umekaa kama kiatu cha farasi. Una mlima, una mteremko, na hata pale uliponyooka umelala upande. Kwangu mimi ndio uwanja mzuri kuliko vyote Uingereza, na uzuri wenyewe uko kwenye hizo kasoro. Kofia za wageni waalikwa waachieni wapiga picha.

Mbio za farasi za Derby zilianza hapo mwaka 1780, akashinda farasi Diomed. Zilikuwa za maili moja tu. Mwaka 1784 zikarefushwa hadi maili moja na nusu, na kona ya Tattenham ikaingia njiani. Hushindana farasi wa miaka mitatu pekee, kwa hiyo hakuna anayerudi mwakani kujaribu tena.

Wanaanza kwa kupanda. Hadi kileleni wamepanda kama mita 40, na joki (mwendesha farasi) anayeshindwa kumtuliza farasi wake hapo atalipa deni mwishoni. Kisha ardhi inaporomoka kuelekea Tattenham, kona ya kushoto. Mfikirie boda anayeshuka mlima wa Kololo, Kampala, kwa kasi huku akikata kona: uzito wote unamjia mbele. Farasi wa hatua ndefu, anayepaa kwenye viwanja vya kawaida, hapa anayumba. Anainua kichwa, mguu wa kushoto unaacha kuongoza, na joki analazimika kumsawazisha kwanza kabla ya kumhimiza. Mwenye umbo dogo, mwepesi wa kugeuka, anampita bila hata fimbo. Ni kwenye kona hii hii ambapo Emily Davison, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, aliingia njiani mwaka 1913 akagongwa na farasi wa mfalme. Alifariki siku 4 baadaye.

Zinabaki kama mita 800 za kunyooka, lakini ardhi imeinamia uzio wa ndani, ukingo mmoja ukiwa juu ya mwingine kwa karibu mita 2. Farasi aliyechoka huufuata mwinamo huo, akambana jirani yake, na hapo ndipo malalamiko kwa waamuzi huanzia. Mvua ikinyesha, maji hukimbilia upande wa chini. Majoki wajanja huhamia upande wa jukwaa, penye ardhi ngumu zaidi. Halafu, mita chache kabla ya kumaliza, kuna kamlima tena.

Ndiyo maana mkeka wa kubeti uliojazwa kwa kusoma muda wa mbio za viwanja vingine siuamini. Atazame mtu Derby ya 1981. Farasi Shergar, akiwa na joki wa miaka 19, Walter Swinburn, aliteremka Tattenham kama maji na kushinda kwa urefu wa farasi 10. Alikuwa mbali kiasi kwamba joki wa farasi wa pili alidhani ameshinda yeye, hadi alipomwona mwenzake kule mbele.