Gundi ya Nati: Inazuia Bolti Kuzunguka, Haizuii Mkazo Kupotea

Kuhusu gundi ya nati, kimiminika kinachotiwa kwenye nyuzi za bolti (ile mistari ya kuzunguka iliyochongwa mwilini mwake) ili isijifungue, mafundi wamegawanyika. Wapo wasiofunga skrubu yoyote bila kuidondoshea tone, na wapo wanaoiona kuwa kimbilio la fundi asiyejua kukaza. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande una hoja ya kweli. Ubishi hauishi kwa sababu wanajibu maswali mawili tofauti: wa kwanza wanauliza namna ya kuizuia bolti isijifungue, wa pili wanauliza namna ya kuutunza mkazo wake. Bolti inaweza kupoteza kimoja huku kingine kikiwa salama.

Bolti haishiki kwa sababu imezungushwa hadi mwisho. Inashika kwa sababu ulipoikaza ilivutika kidogo, na sasa inataka kurudi urefu wake wa awali, hivyo inavibana vipande viwili pamoja. Huo mbano ndio kazi yote. Na nguvu unayoitia kwenye spana haifiki yote huko: takriban nusu huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, kama asilimia 40 huliwa na msuguano wa nyuzi, na asilimia 10 hivi tu ndiyo inayogeuka kuwa mkazo. Kwa hiyo msuguano unakunyang'anya nguvu wakati wa kukaza, kisha ndio huohuo unaoizuia nati isirudi nyuma.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha jinsi ulinzi huo unavyovunjika. Watu wengi walidhani hatari kubwa ni mtikiso wa kufuata urefu wa bolti. Yeye alionyesha kuwa hatari kubwa zaidi ni ule wa ubavuni. Vipande vilivyobanwa vikianza kuteleza huku na huko, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, msuguano wa nyuzi hutumika wote kupambana na huo mtelezo, na hakuna unaobaki wa kuzuia mzunguko. Mlalo wa nyuzi unafanya yaliyobaki: nati inajifungua yenyewe, kidogo kidogo. Mashine iliyopewa jina lake hadi leo hutumika kupimia vifungio kwa kuvitikisa ubavuni huku mkazo ukisomwa.

Washa ya springi, ile iliyokatwa na kupindwa kidogo, ndiyo kinga ambayo wengi wetu tulifundishwa mwanzo, na haina rekodi nzuri. Mwongozo wa vifungio uliotolewa na NASA mwaka 1990 unasema wazi kwamba bolti ikikazwa sawasawa, washa hiyo inakuwa imelala bapa kama washa ya kawaida, na uwezo wake wa kufunga haupo tena. Anayeitoa gundi na kuirudisha washa ya springi hajapata kinga badala yake.

Gundi yenyewe inafanya kazi tofauti kabisa. Aliyeifikisha sokoni ni Vernon Krieble, profesa wa kemia katika Trinity College, Hartford, Marekani, aliyeanzisha kampuni mwaka 1953. Bidhaa yake ndiyo Loctite. Kimiminika hiki hubaki majimaji kikiguswa na hewa, na hugeuka plastiki ngumu kikifungiwa mahali pasipo hewa huku kikigusana na chuma au shaba. Ndiyo maana chupa yake hutoka kiwandani haikujazwa, na plastiki yake ni ya aina inayopitisha hewa. Asiyelijua hili hudhani amepunjwa. Ndani ya nyuzi gundi hujaza nafasi zile ndogo zilizobaki kati ya bolti na nati, ule mchezo wa ubavuni unakosa pa kutokea, na maji hayaingii kuleta kutu. Dhidi ya kile alichokieleza Junker, hii ni kinga ya kweli, na wanaoidharau wanadharau jambo lililopimwa.

Sasa upande wa pili. Chukua bano lililofungwa juu ya rangi nene, au juu ya gasketi, au juu ya mbao. Umekaza vizuri, umetia gundi, umechora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa mashine ili uone kama itahama. Wiki kadhaa baadaye mstari umenyooka vilevile, nati haijasogea hata nukta, lakini bano linacheza ukilitikisa kwa mkono. Rangi au gasketi imebonyea chini ya kichwa cha bolti, na kwa kuwa bolti ilikuwa imevutika kwa sehemu ndogo sana ya milimita, kubonyea huko kumetosha kuumaliza mkazo wote. Gundi imefanya kazi yake kikamilifu na kifungo kimelegea. Bolti katika hali hiyo inaanza kupindwa kila mashine inapozunguka, mwishowe inachoka na kukatika. Hapa ndipo ninapokubaliana na wale wakongwe wanaoikataa: gundi inaweza kukupa mstari ulionyooka na imani isiyostahili.

Dawa ya tatizo hilo iko kwenye umbo la kifungo. Bolti ndefu na nyembamba huvutika zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo vipande vikibonyea kidogo, bado inabakiwa na mkazo wa kutosha. Bolti fupi na nene haina akiba hiyo. Safisha rangi chini ya kichwa, weka washa ngumu, tumia bolti ndefu zaidi ikiwezekana, kaza kwa spana ya kupima nguvu. Baada ya hapo ndipo swali la gundi linakuja.

Na kuna siku ya kufungua. Gundi ya buluu, ambayo kwa kawaida ni ya nguvu ya kati, hufunguka kwa spana ya mkono: unasikia mlio mfupi inapoachia, kisha nati inazunguka kwa ugumu huku unga mweupe ukitoka kwenye nyuzi. Ile nyekundu ni habari nyingine. Skrubu ya milimita 6 yenye tundu la pembe sita, ikiwa imetiwa nyekundu, mara nyingi tundu lake litaviringika kabla gundi haijaachia, na utajikuta na dreli mkononi. Njia sahihi ni kupasha joto la nyuzi 250 hivi za Selsiasi na kufungua ikiwa bado ya moto. Lakini angalia kilicho jirani: sili za mpira, bearingi yenye grisi, waya, plastiki. Kwa skrubu ndogo, ncha ya chuma cha kulehemu ikishikizwa juu ya kichwa chake hupeleka joto pale tu panapohitajika. Na rangi hizo si sheria ya dunia nzima. Kila mtengenezaji anazo zake, kwa hiyo soma lebo.

Lawama nyingi zinazoiangukia gundi zilipaswa kuangukia maandalizi. Nyuzi zenye mafuta au mabaki ya gundi ya zamani hazishiki vizuri. Chuma cha pua na bolti zilizopakwa zinki huichelewesha kukauka, na mara nyingi huhitaji kimiminika cha kuiamsha. Hushika ndani ya dakika chache au makumi ya dakika, lakini nguvu kamili huja baada ya saa 24 hivi, na anayewasha mashine papo hapo anaivunja gundi ikiwa bado inajijenga. Kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, tone liende chini tunduni. Ukilipaka kwenye bolti peke yake, hewa iliyonaswa chini italisukuma nje wakati wa kuingiza. Gundi ikiwa bado mbichi pia hubadilisha msuguano wa nyuzi, kwa hiyo namba ya kukazia iliyoandikwa kwa bolti kavu si lazima ikupe mkazo uleule.

Kuna mahali ambapo gundi isiingie kabisa. Plastiki kama polikaboneti, akriliki na ABS inaweza kuzipasua. Kwenye mifumo ya oksijeni safi watengenezaji wenyewe wanaikataza. Karibu na bearingi ndogo tone la ziada linatambaa hadi ndani na kuigandisha. Sehemu za ekzosi zina joto linalozidi uwezo wa gundi za kawaida, ambazo nyingi huishia kwenye nyuzi 150 hivi za Selsiasi. Nati yenye pete ya nailoni nayo haisaidii huko, maana uwezo wake ni kama nyuzi 120. Na ngozi: kemikali za familia hii huweza kuleta mzio usioondoka, basi vaa glavu, hasa kama unaitumia kila siku.

Uamuzi wangu ni huu. Ya buluu kwenye bolti fupi, ndogo, zinazobana chuma kwa chuma mahali penye mtikiso wa ubavuni, hapo naitia bila kusita. Nyekundu ni pale tu kitabu cha mashine kinapoitaja. Kwenye ndege, waya wa kufungia bolti una sifa ambayo gundi haina: mkaguzi anauona kwa macho, wakati tone lililomo ndani ya nyuzi halikaguliki bila kufungua. Anayetia gundi aandike popote patakaposomwa, kwenye kadi ya mashine au pembeni ya bolti, ni aina gani ametia.

Nati za magurudumu ya gari naziondoa kabisa kwenye orodha, ingawa hapo hofu ya watu ni kubwa kuliko popote. Gurudumu likishafungwa, nyuso zake hujikalia baada ya mwendo kidogo na mkazo hupungua, ndiyo maana huagizwa kukaza tena baada ya umbali fulani. Gundi iliyokwisha kukauka ikizungushwa ili kukaza inavunjika, na ukiiacha bila kuigusa unaendesha gari ambalo mkazo wake umeshuka huku nati zikionekana imara. Ukiona nati za gurudumu zinalegea tena baada ya kukazwa upya, kagua nyuso za rimu, stadi (bolti zinazoshika gurudumu) na koni za nati, maana kitu kimoja kati ya hivyo kimeharibika.