Kutambuliwa kwa mwendo: waifai mlangoni mwa kiwanda cha korosho

Mbanguaji aliyekaa kwenye kazi misimu kadhaa anaweka kidole gumba kwenye kioo cha mashine ya mahudhurio, taa inabaki nyekundu. Anakifuta kwa kanga, anabonyeza tena, anajaribu cha shahada, wapi. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi inayochubua ngozi, na kwa asiyekuwa na glavu, hata akijipaka majivu, mistari ya vidole hufifia. Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, jambo hili si geni. Na tangu usajili wa laini za simu ulipofungamanishwa na alama za vidole, kidole kisichosomeka kinamkwamisha mtu hata nje ya kiwanda.

Kwa hiyo anayependekeza kumtambua mtu bila kumgusa, kwa mawimbi ya waifai na mwendo wake, analeta hoja ya kweli huku Kusini, na inastahili kupimwa kwa uzito wake.

Kinachofanyika ni hiki. Rauta ikirusha mawimbi, mwili wa anayepita huyarudisha na kuyapinda, na kipokezi hupima jinsi kila kipande cha chaneli, yaani ukanda wa masafa unaotumika, kilivyobadilika. Kiwiliwili, mikono na miguu huenda kwa kasi tofauti, na mpangilio wa kasi hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Jaribio la bei nafuu linahitaji bodi mbili za ESP32, vibao vidogo vya kielektroniki vyenye waifai, moja ya kurusha na moja ya kupokea, zikiwekwa usawa wa kiuno, umbali wa mita 3 hadi 4, pande mbili za njia, kwenye chaneli isiyo na msongamano.

Wengi hukosea kwenye idadi ya vipimo. Kwenye masafa ya GHz 2.4 wimbi lina urefu wa sentimita 12.5. Kiwiliwili kinachokwenda mita 1.2 kwa sekunde huleta badiliko lisilozidi takriban mara 19 kwa sekunde, kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, lakini mguu unaorushwa mbele hufika mita 3 au 4 kwa sekunde, yaani mara 48 hadi 64. Ukipima mara 100 kwa sekunde, chochote kinachozidi 50 hujikunja na kujichanganya na kingine, na mguu ndio unaoupoteza. Pima mara 200 au zaidi. Pia zingatia kwamba bodi hizi hujirekebishia nguvu ya usikivu zenyewe. Grafu ikiruka ghafla, huenda si mtu aliyepita. Mtiririko huo wa vipimo usafishwe kabla ya kuifundisha programu ya kompyuta mwendo wa kila mtu.

Je, inafanya kazi? Maabara, ndiyo. Jaribio la mwaka 2016 lililoitwa WiFiU lilimtaja mtu sahihi kwa takriban asilimia 79 kati ya watu 50. Mwaka 2025 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, waliwatambua washiriki 197 karibu bila kukosea. Ila maabara haina gunia.

Ghala la korosho lina kuta za bati, na bati hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Oktoba ghala ni tupu. Wiki chache baadaye magunia yamefika darini, na njia zote za mawimbi zimebadilika. Programu iliyofundishwa kwenye ghala tupu haitambui mtu kwenye ghala lililojaa. Mtu naye habaki yuleyule: leo kavaa kandambili, kesho kabeba ndoo kichwani, keshokutwa ana mtoto mgongoni. Wawili wakiingia sambamba, mawimbi yao yanachanganyika. Dawa iliyopo ni kurekodi kila mtu mara 20 au 30, kwa siku tofauti, akiwa na mzigo na bila mzigo, kisha kurudia ghala linapojaa. Hiyo ni kazi ya karani mzima.

Kuna hesabu nyingine inayopuuzwa. Kumuuliza mtu "wewe ni Asha?" ni tofauti na kuuliza "huyu ni nani kati ya 40?" Mashine inayokosea mara 1 kati ya 100 katika swali la kwanza, ukiipa la pili ikalinganisha watu 40, mgeni ana nafasi ya takriban 1 kati ya 3 kufananishwa na mmojawapo. Kwa hiyo mtu ataje namba yake kwanza, kisha mwendo uthibitishe.

Kinachonisumbua zaidi ni ridhaa. Kidole unakibonyeza mwenyewe. Ukikataa, unarudisha mkono. Mwendo huuachi nyumbani. Mawimbi hupenya ukuta wa udongo na mlango wa mbao, kwa hiyo anayepita barabarani kwenda sokoni naye anarekodiwa, hata asiye na simu. Utafiti wa Karlsruhe ulitumia ujumbe ambao vifaa vya kawaida hurudishia rauta bila kusimbwa, yaani bila kufichwa kwa msimbo, maana yake aliye jirani anaweza kuusikiliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za kibayometria, yaani vipimo vya mwili wa mtu, miongoni mwa taarifa nyeti, lakini mpita njia hawezi kuridhia asichokijua.

Msimamo wangu: kwa mahudhurio ya kiwanda kidogo, watu 20 au 30 walewale, mlango mmoja, mmoja mmoja, inafaa kujaribiwa, na itamwondolea mbanguaji fedheha ya kusuguliwa vidole kila asubuhi. Kwa malipo, hapana. Mfumo usiwashwe usiku wala nje ya mlango, data ghafi ifutwe siku hiyohiyo, na daftari la karani likae mezani tangu siku ya kwanza, ili asiyekubali kurekodiwa asaini hapo na kulipwa ujira uleule.