Hapa Palikuwa

Baba mkwe alipokuja Chicago kututembelea kutoka Tanga, nikajitia kiongozi wa watalii. Usiku nikakesha nikisoma habari za Maonyesho ya Dunia ya 1893, asubuhi nikavaa viatu vipya nikampeleka Jackson Park, yalikofanyika. Yeye kavaa soksi na ndala. Nikamwonea aibu. Mie!

Tukaanzia jumba kubwa ambalo leo ni makumbusho ya sayansi.

"Tuingie?"

"Hili lipo tu, Baba. Tutalimalizia."

Kumbe pale ndipo nilipojimaliza. Majumba mengine yale meupe yalikuwa ya plasta na nyuzi za juti, na mengi yaliungua 1894. Basi ikawa: "Hapa palikuwa na jumba la umeme, Baba. Hapa palikuwa na jumba la kilimo." Tunakodolea nyasi.

"Mwaka gani vile?"

"1893."

"Ndio mkonge ulioingia Tanga. Mkonge upo."

Tukafika kwenye sanamu ya dhahabu. Nikashangilia: hii hapa! "Ndiyo yenyewe?" Nikameza mate. Ni nakala ya 1918. Yenyewe ilikuwa ndefu karibu mara tatu.

Nikabakiwa na turufu moja, gurudumu la Ferris, lile kubwa la kuzungusha watu juu hewani. Tukakata mguu hadi Midway, nikatanua mikono: urefu mita 80, mabehewa 36, kila moja watu 60!

"Liko wapi?"

"Lilipelekwa St. Louis, Baba. Mwaka 1906 wakalilipua kwa baruti."

Akatazama nyasi, akanitazama mimi, kama mtu anayepiga hesabu ya kurudisha mahari.

Hapo visigino vinawaka moto, natembea kama kuku aliyekanyaga kaa. Kumwambia mkwe naona haya. Akasema mwenyewe, "Vua." Akanipa ndala zake. Nikakataa kwa heshima zote, nikapiga hatua tatu, nikazipokea. Tukarudi hivyo: mzee na soksi zake, mimi na ndala ambazo kisigino changu kinaning'inia nje, viatu vipya mkononi. Makumbusho tukayakuta yamefungwa.

Nyumbani mke wangu akauliza mmeona nini. Mzee kimya, anasogeza kiti mezani. Mimi nikaenda kuloweka miguu kwenye beseni, nikasinzia humohumo. Kuja mezani, nafunua sufuria, nakuta bizari nzima mbili na jani la mdalasini.

Baba mkwe akajifuta mdomo. "Hapa," akasema, "palikuwa na pilau."