Kwa safari ya siku moja na watoto, panda treni ya polepole

Kila likizo ya shule ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya wenzetu wanaoishi Ulaya hujaa picha za skrini: treni ya mwendo kasi kwenda nchi jirani, nauli ya bei ya kutupa, kateni upesi kabla hazijaisha. Mimi tiketi hizo naziangalia kwa jicho la wasiwasi. Si za uongo. Ila zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye begi moja, na wanaozikimbilia ni baba, mama, watoto na kigari cha mtoto, watu wanaotaka kuvuka mpaka asubuhi na kulala kwao usiku uleule.

Tuanze na Ujerumani, maana imepakana na nchi tisa na kutoka huko safari ya siku moja nje ya nchi ni jambo la kawaida. Shirika la reli la Deutsche Bahn lina nauli za punguzo ziitwazo Sparpreis na Super Sparpreis. Bei hupanda kadiri viti vinavyouzwa, kwa hiyo anayewahi ndiye anayefaidi. Hadi hapo hakuna ubaya. Watoto wa miaka 6 hadi 14 wanaosafiri na mtu mzima hawalipi nauli katika treni za masafa marefu, mradi uwaandike kwenye tiketi wakati wa kukata. Walio chini ya miaka 6 ndio hawaulizwi kitu.

Shida ni masharti. Tiketi hiyo inakufunga kwenye treni iliyoandikwa, na ile ya bei ya chini kabisa ukishaikata hurudishiwi hela. Reli ikikosea unafunguliwa: ikionekana utafika ukiwa umechelewa zaidi ya dakika 20, unaruhusiwa kupanda treni nyingine. Ukichelewa wewe, imekula kwako. Na mzazi yeyote anajua nani huchelewesha watu. Mtoto ametapika. Mwingine kagoma kutoka kwenye bembea. Wa tatu anataka choo, na choo cha kituo kinataka sarafu ambazo hamna. Treni inaondoka na punguzo lenu, nanyi mnabaki pale mkikata tiketi mpya za watu wazima wawili kwa nauli ya siku hiyohiyo, ambayo haina huruma.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi bado hawajalizoea. Zamani familia ya watu hadi watano iliweza kuhifadhi viti vyote katika treni hizo kwa malipo ya pamoja ya euro 10.40. Mpango huo ulifutwa tarehe 15 Juni 2025, na bei ya kiti kimoja katika daraja la pili ikawa euro 5.50. Piga hesabu ya watu watano: 27.50 kwenda, 27.50 kurudi, jumla euro 55, na hapo hujagusa nauli. Mtoto anasafiri bure lakini kiti chake kinalipiwa. Wapo wanaosema si lazima kuhifadhi viti. Ni kweli, si lazima, kama uko tayari kusimama kwenye korido Jumamosi ya likizo na mtoto wa miaka mitatu mkononi.

Ndiyo maana kwa safari ya siku moja nashauri tiketi za siku za majimbo, zile za treni za mikoani zinazosimama karibu kila kituo. Ninayoipenda kuliko zote ni Bayern-Ticket, ya jimbo la Bayern kusini mwa Ujerumani. Inabeba watu wazima hadi watano: wa kwanza analipa sehemu kubwa ya bei, kila anayeongezeka anaongeza kidogo. Watoto wa wenye tiketi wa miaka 6 hadi 14 wanaingia humohumo. Siku za kazi inaanza kutumika saa 3 asubuhi, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu tangu usiku wa manane. Mwisho wake ni saa 9 usiku wa kuamkia siku ya pili. Ndani ya muda huo unapanda na kushuka treni za mikoani utakavyo. La kupendeza zaidi ni kwamba tiketi hii ya jimbo la Ujerumani inakufikisha hadi kituo kikuu cha Salzburg, ambacho kiko Austria.

Kutoka München hadi Salzburg kwa treni ya mkoani ni kama saa mbili, kasoro kidogo. Ile ya haraka inatumia saa moja na nusu hivi. Kwa hiyo unachonunua kwa pesa zote zile za ziada ni dakika ishirini na kitu, kisha unafungwa kwenye ratiba. Treni ya polepole inapita Prien, kando ya ziwa Chiemsee. Watoto wakichoka, mnashuka hapo, mnatazama maji, mnapanda inayofuata. Hakuna wa kumwomba ruhusa. Mkifika Salzburg, bustani ya Mirabell mnaifikia kwa miguu kutoka kituoni, na ngome ya Hohensalzburg mtaiona juu ya kilima kabla hata hamjauliza njia.

Mambo mawili ya kuangalia. Majina ya wasafiri yaandikwe kwenye tiketi, kwa sababu mkaguzi atataka kuyaona. Na msipande treni ya masafa marefu kwa tiketi hii kwa sababu tu iko kwenye jukwaa lilelile na inaelekea kulekule. Haikubaliwi, na maelezo ya kwamba hamkujua hayasaidii.

Pasipoti pia, tafadhali. Watu husikia Schengen, ule ukanda wa nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, wakadhani mipaka imekufa. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Austria Septemba 2015, na mwaka 2024 ikaupanua hadi mipaka yake yote ya nchi kavu. Treni ya kutoka Salzburg ikiingia Ujerumani, polisi wanaweza kupita ndani ya mabehewa wakiomba vitambulisho, na bila kuzungushana, sisi wenye rangi yetu hatuhitaji kungojea sana kabla ya kuombwa. Beba pasipoti na kibali cha makazi cha kila mmoja, watoto nao. Mwenye kibali cha makazi cha nchi ya Schengen anaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180 bila viza, lakini hati yenyewe awe nayo mkononi. Picha kwenye simu haitoshi.

Mfano mwingine ni Luxembourg. Tangu tarehe 29 Februari 2020 usafiri wa umma nchini humo ni bure kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji, isipokuwa daraja la kwanza kwenye treni. Maana yake ni kwamba ukitokea Trier upande wa Ujerumani, au Metz upande wa Ufaransa, nauli ya treni ya mkoani ni ya kipande cha kabla ya mpaka tu. Ukishaingia, basi, tramu na treni ni zako na wanao bila hata senti. Familia inayotafuta punguzo la asilimia thelathini wakati kuna nchi nzima yenye punguzo la asilimia mia, mimi siielewi. Watakaosema Luxembourg haina la kuona waende kwanza wakatembee ndani ya Casemates du Bock, mahandaki ya ngome ya kale yaliyochongwa kwenye mwamba, ndipo tuzungumze.

Sasa suala la umri, ambalo ndilo huharibu hesabu za watu kimyakimya. Kila reli ina mtoto wake. Deutsche Bahn anakoma kuwa mtoto akitimiza miaka 15. Uswisi akitimiza 16. Uingereza nauli ya mtoto ni ya miaka 5 hadi 15. Ufaransa na Eurostar, treni za kasi za London na bara, ni miaka 4 hadi 11, kwa hiyo binti yako wa miaka 12 aliyesafiri bure Ujerumani anageuka kuwa mtu mzima mara tu mnapobadilisha kampuni. Usikubali bei ya kwanza inayotokea kwenye skrini kabla hujaingiza umri halisi wa kila mmoja. Programu nyingi ukiziacha zinakuhesabu wewe peke yako, halafu watoto wanakuja kuongezeka mwishoni, wakati ushapenda safari.

Kwa sababu hiyohiyo, treni moja inayovuka mpaka huweza kuwa na bei mbili. Ya Dresden kwenda Praha inauzwa na reli ya Ujerumani na ya Czech pia. Mara nyingi nauli ya Kicheki kwa mtu mmoja huwa ya chini zaidi, lakini kwao mtoto wa miaka 6 na kuendelea analipa kitu, wakati kwa Wajerumani ni bure. Mkiwa watu wazima wawili na watoto watatu, hesabu inaweza kupinduka. Fungua tovuti zote mbili, weka watu walewale, tazama jumla. Na kama hamna haja ya kufika Praha, ipo tiketi ya siku ya Elbe-Labe (jina la mto mmoja kwa Kijerumani na kwa Kicheki) yenye aina yake ya familia, inayotumika upande wa Sachsen, jimbo la Ujerumani, na upande wa Czech wa mto uleule. Děčín, upande wa Czech, ni mji mzuri kwa mchana mmoja, una ngome juu ya mwamba, na hauna umati wa watalii wanaopigana vikumbo.

Nikubali kuna mahali ninaponyamaza na kusema kateni mapema: London kwenda bara. Chini ya bahari hakuna treni ya mkoani. Tangu Novemba 1994 abiria asiye na gari anayepita kwenye tunnel ile ya kilomita 50 hupanda Eurostar, na nauli zake za siku za mwisho zinaumiza. Hapo kuwahi kuna maana. Hata hivyo ningeiangalia Lille, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, kabla ya Paris. Ni kama saa moja na dakika ishirini na kitu kutoka kituo cha St Pancras cha London, na kituo kiko karibu na mji mkongwe kiasi kwamba hamhitaji usafiri mwingine. Paris inataka zaidi ya saa mbili, kisha metro, kisha foleni. Kwa mtoto, siku hiyo inaisha kabla haijaanza. Chagua treni ya kurudi ya jioni kiasi, si ya mwisho, na kumbuka ukaguzi wa pasipoti wa nchi zote mbili unafanyika kituoni kabla ya kupanda.

Lakini kabla ya kuhesabu nauli, hesabu viza. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anayeishi Uingereza anahitaji viza ya Schengen hata kama anakwenda kunywa kahawa Lille na kurudi. Tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya 6 hawalipi, na wa miaka 12 analipa kama mtu mzima. Punguzo la treni hapo halionekani hata kwa darubini. Kwa upande wa pili, mama mkwe akija kuwatembelea Ubelgiji kwa viza ya Schengen ya kuingia mara moja, msimpeleke London kwa siku moja hata kama ana viza ya Uingereza. Akitoka, ile ya Schengen imeshatumika, na jioni hataruhusiwa kurudi nanyi. Hakuna tovuti ya tiketi itakayokuuliza hilo. Yenyewe inataka namba ya kadi tu.

Tukirudi kwenye treni zenyewe: kama safari ina kubadilisha treni, kata tiketi moja ya safari nzima badala ya kuunganisha vipande vya bei nafuu. Yale mahesabu ya kukata vipande vipande yanaokoa euro chache, ila treni ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, kila kampuni itakuambia sehemu yake haina tatizo. Kwenye tiketi moja ya safari nzima, sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 7 Juni 2023 inakulinda: ukifika umechelewa kati ya dakika 60 na 119 unadai asilimia 25 ya nauli, kuanzia dakika 120 asilimia 50, isipokuwa sababu iwe ni janga lisiloweza kuzuilika. Hapa tiketi za siku za majimbo ndipo zinaposhindwa, maana fidia yake ni ndogo mno hata kampuni hailazimiki kuilipa ikiwa ni chini ya euro 4. Mimi naona ni bei halali ya uhuru wa kupanda treni yoyote. Wewe uliyeamua kupanda ya kasi, hifadhi tiketi hadi mfike, piga picha ubao wa kituo unaoonyesha ucheleweshaji, na dai lako lifike ndani ya miezi mitatu.