Ujenzi wa kesho: mashine ya kuchapa nyumba au mfuko wa saruji?

Ukuta wa nyumba za Mvule Gardens, Kilifi, pwani ya Kenya, hauna tofali hata moja. Umepandishwa kwa rojo zito la saruji lililotoka katika mdomo wa mashine, tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi anavyopandisha chungu. Mradi huo wa nyumba 52 ni wa 14Trees, kampuni iliyoanzishwa na Holcim ya Uswisi kwa ubia na shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza, na nyumba 10 za kwanza zilichapwa kwa wiki 10. Mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ilichapa shule wilayani Salima, Malawi, kuta zake zikasimama kwa saa 18. Kwa wengi, picha hizo ndizo sura ya ujenzi wa kesho duniani kote. Sipingi kwamba kesho hiyo inakuja. Ninachotilia shaka ni kama sisi wa Afrika Mashariki tunaitazamia upande unaotuhusu.

Wanaoitetea mashine wana hoja nzito. Ripoti ya mwaka 2017 ya McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, ilionyesha kwamba kwa miongo miwili tija katika ujenzi ilikua kwa asilimia 1 tu kwa mwaka, wakati tija ya uchumi wa dunia kwa ujumla ilikua kwa asilimia 2.8. Japani, takribani theluthi moja ya wafanyakazi wa ujenzi wamevuka miaka 55, na tangu Aprili 2024 sheria inayoweka ukomo wa saa za ziada imeanza kuibana sekta hiyo. Singapore, minara miwili ya makazi ya Clement Canopy, kila mmoja wa ghorofa 40, iliyokamilika mwaka 2019, ilipangwa kwa vyumba vilivyotoka kiwandani vikiwa karibu kamili. Mahali ambapo kijana hataki tena kubeba zege, na anayekubali kulibeba hudai ujira mkubwa, mashine hujilipa yenyewe.

Sasa tutazame siku ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, katika mji wowote wa Tanzania. Saa kumi na mbili asubuhi vibarua wamekwisha kufika, mashine ya kuchanganya zege inanguruma, mmoja anahesabu ndoo za kokoto na mwingine anapasua mifuko ya saruji kwa koleo, na kuanzia hapo hadi juu ya ghorofa kuna foleni ya vijana wanaopokezana makarai. Kazi haikatishwi hadi jamvi limalizike, hata jua likizama. Ni kazi ya kuvunja mgongo na mara nyingi haina bima; sitaki kuipamba. Lakini siku hiyo moja huwalipa makumi ya watu, pamoja na mama ntilie aliyewapikia. Mashine inayokuja kutatua uhaba wa vibarua hapa inakuta tatizo ambalo hatunalo.

Isitoshe, printa huchapa kuta peke yake. Msingi, paa, madirisha, nyaya na mabomba hubaki kwa mafundi, na rojo lenyewe huhitaji saruji nyingi kuliko zege la kawaida. Hata kwa matajiri njia hii haijanyooka: Katerra ya Marekani, iliyokusudia kuhamishia ujenzi kiwandani na kukusanya mtaji wa takribani dola bilioni 2, ilifilisika Juni 2021, na mwaka 2023 Legal & General ya Uingereza ilisimamisha uzalishaji katika kiwanda chake cha nyumba karibu na Leeds. Kiwanda cha nyumba huhitaji oda zisizokatika, ilhali soko la nyumba hupanda na kushuka.

Upande ninaouona una uzito zaidi kwetu ni ule usiopigwa picha, yaani kilichomo ndani ya mfuko wa kilo 50. Saruji huchangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu, na zaidi ya nusu yake haitokani na mafuta ya tanuri bali na mawe ya chokaa yenyewe, ambayo yakichomwa kufikia nyuzi 1,450 ili yawe klinka, yaani vinundu vinavyosagwa kuwa saruji, huiachia hewa hiyo iliyofungwa ndani yake. Hata tanuri likiendeshwa kwa umeme wa jua, sehemu hiyo inabaki. Dawa inayotajwa sana ni saruji ya LC3, iliyobuniwa na watafiti wa Uswisi, Cuba na India: nusu ya klinka inaachwa, na nafasi yake inachukuliwa na udongo wa kaolini uliochomwa kwa nyuzi kama 800 pamoja na unga wa mawe ya chokaa. Hewa ukaa hupungua kwa hadi asilimia 40. Wazo la kuchanganya si geni hapa, kwani viwanda vyetu vimekuwa vikitia majivu ya volkano katika saruji kwa miaka mingi, na fundi anajua kwamba mfuko wa daraja la nguvu la 32.5 ni wa lipu na kujengea tofali, na wa 42.5 ni wa nguzo na jamvi.

Hata hivyo, njia hii nayo ina miiba. Ghana, ambako klinka nyingi huagizwa kutoka nje, mwekezaji anayechoma udongo huko Tema anaokoa fedha za kigeni mara moja. Tanzania, yenye mawe ya chokaa Wazo, Tanga na Mtwara, msukumo huo ni mdogo. Kaolini maarufu ya Pugu nayo imo katika msitu wa hifadhi, na mapango ya popo ambayo watalii hupelekwa kuyaona ni mahandaki ya mgodi wa zamani wa udongo huo huo. Bahati nzuri, LC3 haihitaji kaolini safi kiasi hicho. Udongo wa daraja la chini, ambao nchi za joto zinao kwa wingi, unatosha.

Mwiba mkali zaidi uko kwenye karai. Udongo uliochomwa hunywa maji, hivyo zege lake huwa zito mapema, na fundi akiliona zito huongeza ndoo ya maji, na kila ndoo ya ziada hupunguza nguvu ya jamvi. Zipo kemikali za kulainisha zege bila kuongeza maji, ila duka la mtaani linalopima saruji kwa kilo haliziuzi. Kiwanda kitakachotaka saruji hii ikubalike kitalazimika kuichanganya kemikali hiyo ndani ya mfuko tangu mwanzo, na kumpeleka mtu wake kwenye foleni ya makarai, siku ya jamvi, kabla ya ndoo ya kwanza kuinuliwa.