Ufunguzi wa Touch of Evil: kamera imesifiwa, sauti imesahauliwa

Anayefundisha upigaji picha za filamu hakawii kuufikia ufunguzi wa Touch of Evil, filamu ya mwongozaji Orson Welles (1958): shoti moja ya zaidi ya dakika 3, bila mkato hata mmoja, katika mji ulio mpakani mwa Mexico na Marekani. Mikono inatega saa ya bomu, bomu linafichwa kwenye buti la gari, mwenye gari anaondoka na mwanamke aliye naye bila habari. Kamera ya Russell Metty inapanda kwa kreni juu ya mapaa, inashuka, inaandamana na maharusi wanaokwenda mpakani kwa miguu, na lile gari linawapita, linakwama, linawapita tena. Watu husifu kreni, wakaishia hapo. Kwangu mimi, nusu ya kazi ya ufunguzi ule inafanywa na sauti.

Hili linaweza kupimwa, kwa sababu ufunguzi huo upo katika matoleo mawili. Mwaka 1958 studio ya Universal iliweka majina ya waigizaji na watengenezaji wa filamu juu ya picha, na chini yake muziki wa Henry Mancini. Welles alikuwa ameiandikia studio waraka wa kurasa 58 akiomba marekebisho. Mwaka 1998, Welles akiwa amefariki miaka 13 nyuma, mhariri Walter Murch aliihariri filamu upya kwa kuufuata waraka huo. Majina yakaondoka, muziki wa Mancini ukatolewa kwenye shoti ile, zikabaki sauti za mtaa wenyewe.

Wanaolitetea toleo la kwanza wana hoja. Muziki wa Mancini ni mzuri kweli. Ngoma zake za bongo zinadunda kama saa inayohesabu, na anayeitazama filamu kwa mara ya kwanza anajua papo hapo kwamba aogope. Pia Welles hakuwepo mwaka 1998 kuikubali kazi ya Murch. Hayo siyapingi.

Lakini tazama kinachotokea gari linapotoka nje ya fremu. Shoti isiyo na mkato haiwezi kurudi kutuonyesha bomu lilipo. Imeamua kubaki na maharusi. Katika toleo la 1958, gari likitoka limekwenda, na muziki unaendelea vilevile liwe karibu au mbali. Katika toleo la 1998, redio ya gari inasikika ikikaribia, inapita, inafifia. Maharusi wanatembea wakizungumza, na mtazamaji anapima kwa sikio umbali uliopo kati yao na kifo. Welles alitaka pia kila mlango wa baa utoe muziki wake, kwa kuwa mitaa ya starehe ya mpakani ilikuwa na vipaza sauti milangoni. Kwa hiyo kamera ikisogea, nyimbo zinapokezana, na mji unapata upana ambao picha peke yake isingeupa. Muziki wa Mancini unaufanya mji mzima uonekane unajua kuna hatari. Sauti za mtaani zinatuachia sisi peke yetu siri hiyo, na hofu ya namna hiyo ni nzito zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo silioni likitajwa vya kutosha. Kwenye kizuizi cha mpakani yule mwanamke ndani ya gari analalamika kwamba anasikia mlio wa tiki-tiki kichwani. Hakuna anayemjali. Katika mtaa mzima ule, aliyeigusa hatari ni yeye tu, na aliigusa kwa kusikia. Welles aliiweka hoja yake ndani ya mazungumzo yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba ufunguzi bila muziki utapwaya. Mwongozaji Sergio Leone alishawajibu mwaka 1968 katika filamu yake Once Upon a Time in the West: alikuwa na mtunzi wa muziki Ennio Morricone, lakini stesheni ya treni akaiachia kinu cha upepo kinacholia kwa kukosa grisi, matone ya maji na nzi mmoja.

Hata mkato wa kwanza wa Welles unaitii sauti. Maharusi wanabusiana, mlipuko unasikika, wanageuka. Ndipo picha inakatwa na tunaliona gari likiwaka.