Shaba ya Kale Ndani ya Plastiki
Ukinunua leo sarafu ya shaba ya jimbo la New Jersey, Marekani, ya 1786, ile yenye kichwa cha farasi na plau, huenda ukaipata imefungiwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye daraja la hali yake: 35, 50, 62. Wanaotetea makasha haya wana hoja. Jasho la vidole huharibu shaba, na mnunuzi mgeni hupata hakikisho kwamba hajauziwa bandia ya juzi.

Wakusanyaji wakongwe wanaoyavunja ndio huonekana wakaidi, na hapo nadhani tunawaonea. Kabla ya sheria ya 1792 kuanzisha kiwanda cha sarafu cha taifa, baadhi ya majimbo yalijipatia sarafu zao za shaba, na walaghai nao hawakulala. Kinachotenganisha zaidi sarafu za majimbo na za walaghai ni uzito. New Jersey ilitaka kila sarafu iwe na gramu 9.7 hivi, Connecticut 9.3. Zile za Machin's Mills, kiwanda binafsi kilichogonga bandia karibu na Newburgh, New York, mara nyingi hucheza kwenye gramu 7 na kitu. Gramu mbili! Kiganja kinaweza kudanganyika, lakini mizani ndogo ya sonara haidanganyiki. Ikiwa ndani ya kasha utapima plastiki.

Ukingo nao una habari zake. Nakala za karne ya 19 zilizotengenezwa kwa umeme ni maganda mawili yaliyounganishwa, na mshono wake hutafutwa pembeni, palepale kasha linapobana. Halafu kuna shaba za New Jersey zilizogongwa juu ya za Connecticut. Unaigeuzageuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha, na chini ya shingo ya farasi zinachomoza herufi mbili tatu za AUCTORI, neno la Kilatini lililo kwenye shaba za Connecticut. Plastiki iliyokwaruzika hukunyima hata hilo.

Na hiyo namba? Kipimo cha 1 hadi 70 alikitunga mtaalamu wa sarafu William Sheldon miaka ya 1940 kwa senti za Marekani za 1793 hadi 1814, akikifungamanisha na bei za wakati ule. Kukibandika kwenye shaba iliyotoka kiwandani tayari ina nyufa na herufi hafifu ni kuilaumu kwa uchakavu ambao si wake.

NGC, kampuni inayopanga madaraja ya sarafu na kuzifungia kwenye makasha, huandika uzito kwenye lebo za sarafu za Kigiriki na Kirumi. Shaba hizi zingepewa heshima hiyohiyo, kila moja, nusu ya ugomvi ingekwisha. Mshono wa pembeni ungebaki.